Kuguswa Mara ya Pili

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika ibada ya asubuhi. Somo: Marko 8:22–26)

  

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya jicho. Si jicho hili la nyama tulilo nalo sote, bali jicho kubwa la kioo ambalo wanadamu walilipeleka angani ili liwatazame majirani wa dunia yetu: Mshtarii, Zohali, na ile Pluto iliyo mbali mno. Najua wako watakaosema, "Mchungaji leo ameacha Injili, ameanza sayansi." Nawaomba mnivumilie kidogo. Nina deni katika jambo hili, na leo nataka kulikiri mbele yenu.

Kwanza tulikumbuke somo letu. Watu wa Bethsaida walimletea Yesu kipofu mmoja. Yesu akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamgusa, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu angeweza kujibu kwamba anaona vizuri, kwa kuogopa kumwaibisha aliyemponya. Hakufanya hivyo. Alisema ukweli: watu aliwaona, lakini walifanana na miti, isipokuwa tu miti hiyo ilikuwa ikitembea. Ndipo Yesu akamgusa mara ya pili, naye akaona kila kitu sawasawa. Litunzeni neno hilo, ndugu zangu: kuguswa mara ya pili.

Sasa twende angani. Usiku ukitazama nyota utaziona zikimetameta. Si nyota zenyewe zinazotikisika. Ni hewa iliyo kati yetu nazo. Mtu akitazama sarafu iliyo chini ya maji ya mto, ataiona ikichezacheza, ingawa imetulia pale pale. Sisi nasi tunakaa chini ya mto wa hewa. Tangu mwaka wa 1610, Galileo alipoielekeza darubini yake ndogo kwenye Mshtarii akaona miezi minne ikiizunguka, wataalamu kwa miaka mingi sana waliitazama mbingu kupitia mto huo.

Ndipo Wamarekani, wakisaidiana na nchi za Ulaya, wakaunda darubini ya kukaa juu ya hewa. Wakaiita Hubble, kwa jina la mtaalamu wa nyota Edwin Hubble. Kioo chake kikubwa kina upana wa mita 2.4, kupita urefu wa mlango wa nyumba zetu. Tarehe 24 Aprili 1990 ilibebwa na chombo cha anga kiitwacho Discovery, ikawekwa juu ya dunia umbali wa kilomita 600 hivi. Huko huizunguka dunia yote kwa muda wa dakika 95 tu.

Watu walingoja picha kwa hamu. Picha zilipofika, zilikuwa na ukungu. Nyota iliyopaswa kuwa nukta moja ilionekana kama taa ya gari ndani ya umande wa asubuhi. Mwezi wa Juni mwaka ule ule wakubwa wa kazi ile walisimama mbele ya ulimwengu wakakiri kwamba kioo kina kasoro. Magazeti yaliwacheka. Wachoraji wa vibonzo walipata kazi.

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo ajabu. Kioo kile kimepinda kama bakuli pana, ili kikusanye nuru yote mahali pamoja. Ukingoni kilikuwa kimesuguliwa kupita kiasi, kwa kipimo kisichofika hata sehemu moja ya arobaini ya unene wa unywele. Lakini sikilizeni jinsi kosa lilivyoingia, maana hapo ndipo lilipo funzo. Wasuguaji hawakuwa wavivu. Walikisugua kioo kwa uangalifu mkubwa sana. Kosa lilikuwa katika kifaa cha kupimia. Lenzi moja ndani ya kifaa hicho ilikuwa imewekwa mahali pasipo pake, kwa milimita 1.3 tu. Basi kadiri walivyoifuata ile kanuni yao kwa bidii, ndivyo walivyozidi kukiharibu kioo kwa bidii.

Na kuna jambo la kusikitisha zaidi. Vilikuwapo vipimo vingine viwili, vya namna ya kawaida, navyo vilionyesha kwamba kuna kosa. Havikusikilizwa. Walisema, "Kipimo chetu kikubwa ndicho bora kuliko vyote, hivi vidogo haviaminiki." Ndivyo kioo kilivyopelekwa angani.

Je, wangefanya nini? Kioo hakikuweza kutolewa wala kubadilishwa. Lakini kwa kuwa waliukubali ukweli, waliweza kulipima kosa lenyewe hata wakalijua kabisa. Wakatengeneza kamera mpya yenye vioo vidogo vilivyopindwa kwa namna ya kuliondoa kosa lile, na sanduku la vioo vingine, vikubwa kama sarafu, kwa ajili ya vyombo vilivyosalia. Kwa maneno mepesi, waliitengenezea darubini miwani. Mwezi wa Desemba 1993 wanaanga saba walipanda na chombo Endeavour. Siku tano, wakipokezana wawili wawili, walitoka nje kwenye anga tupu, wakafungua na kufunga skrubu wakiwa wamevaa glavu nene. Walipomaliza, jicho liliona.

Kioo kile kikubwa, wapenzi wasikilizaji, hadi leo ni kile kile, na kasoro yake ni ile ile. Kila picha nzuri ambayo Hubble imetuletea tangu wakati ule imepigwa kwa kioo chenye kasoro iliyokubaliwa na kusahihishwa.

Na imetuletea mengi. Miezi saba tu baada ya matengenezo yale, mwezi wa Julai 1994, nyota yenye mkia iitwayo Shoemaker-Levy 9 iliigonga sayari ya Mshtarii. Mvuto wa Mshtarii ulikuwa umekwisha kuivunja vipande zaidi ya 20, navyo vikaanguka kimoja baada ya kingine kwa muda wa juma zima. Vikaacha madoa meusi, mengine yenye upana kama wa dunia yetu nzima. Wanadamu hawakuwa wamewahi kushuhudia mgongano wa namna hiyo kati ya majirani zetu wa angani. Jambo lile liliwaamsha wengi, wakaona kwamba mawe ya angani ni jambo la kuchunguzwa kwa bidii. Mwezi wa Septemba 2022 Wamarekani walikipeleka chombo kikaligonga kwa makusudi jiwe moja liitwalo Dimorphos, wakaweza kuigeuza njia yake, ili siku moja watu wajue jinsi ya kuilinda dunia. Hubble ilikuwapo ikitazama.

Fikirini pia habari za Ganymede, mwezi mkubwa wa Mshtarii. Karibu na ncha zake mbili kuna miale ya nuru inayoyumba huku na huku kwa kuvutwa na nguvu za sumaku za Mshtarii. Wataalamu waliipima miale hiyo kwa Hubble, wakakuta inayumba kidogo kuliko ilivyotazamiwa. Kuna kitu kilichokuwa kikiizuia. Mwaka wa 2015 wakatangaza maana yake: chini ya barafu ya Ganymede kuna bahari ya maji ya chumvi. Bahari yenyewe hawakuiona. Waliisoma kazi yake, wakaijua.

Na kule mwisho kabisa, Pluto. Zamani tulijua mwezi wake mmoja tu, Charon, uliogunduliwa mwaka wa 1978. Hubble ilionyesha miwili mingine mwaka wa 2005, mmoja tena mwaka wa 2011, na mwingine mwaka wa 2012. Jumla ni mitano. Habari hizo ziliwasaidia waliokuwa wakikiongoza chombo kiitwacho New Horizons, kilichosafiri zaidi ya miaka tisa hata kikapita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015.

Sasa nimefika kwenye deni langu.

Mwezi ule ule wa Julai 2015 nilikuwa nikiwafundisha vijana wa kipaimara katika parishi moja milimani huku Taita. Kijana mmoja wa kidato cha pili alikuja na kipande cha gazeti chenye picha ya Pluto. Alisimama kwa adabu akauliza: "Mchungaji, kitabu cha Mwanzo kinataja mwezi mmoja. Hii mitano ya Pluto iliumbwa siku gani, na mbona hatuambiwi?"

Sikuwa na jibu. Wala sikujua kwamba Pluto ina miezi. Lakini badala ya kusema hivyo, nilicheka. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe tafuta wokovu kwanza, miezi utaitafuta baadaye." Darasa zima likaangua kicheko. Kijana akakikunja kile kipande cha gazeti, akaketi. Jumapili iliyofuata hakuja. Askofu alipokuja kuwawekea vijana mikono, yeye hakuwamo. Nyanya yake, mama wa kanisa aliyesimama imara miaka yote, aliendelea kuja, lakini sasa alikuja peke yake.

Watu wawili walinionya. Usiku ule ule mke wangu aliniambia, "Umemwumiza mtoto wa watu." Na mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, akanijia ofisini akasema polepole, "Mchungaji, lile lilikuwa swali la haki." Sikuwasikiliza. Moyoni nilisema, mimi ndimi niliyesoma chuo cha theolojia. Hawa watanifundisha nini? Mwaona, ndugu zangu? Vilikuwapo vipimo viwili vya kawaida, navyo vilionyesha kosa. Mimi nikautegemea ule mmoja mkubwa, uliokuwa umepinda. Nami niliendelea kuhubiri kwa bidii, na kwa bidii hiyo hiyo nikazidi kukisugua kioo vibaya.

Miaka ikapita. Nikaja kusoma habari za kioo cha Hubble nilipokuwa nikitafuta mfano wa kuwapa wanafunzi wa shule fulani siku ya maombi yao. Nilipofika mahali pale pa vipimo viwili vilivyodharauliwa, nilikifunga kitabu. Nilimwona yule kijana akikunja gazeti lake.

Sikukutana naye mpaka Krismasi ya mwaka wa 2021. Nyanya yake alikuwa mgonjwa, nami baada ya ibada nikaenda alasiri kumpelekea Meza ya Bwana nyumbani. Nilipotoka nje nilimkuta mjukuu wake ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, amekuwa mwanamume, anafanya kazi Mombasa. Alikuwa ameshika simu, anatazama. Alinisalimu, "Shikamoo, Mchungaji," kisha akarudisha macho kwenye simu.

Nikamwuliza anatazama nini. Akaniambia kwamba saa tisa na dakika ishirini roketi imeruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, nayo imebeba darubini mpya iitwayo James Webb. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, nacho kimekunjwa ili kienee ndani ya roketi. Inakwenda umbali wa kilomita milioni moja na nusu, mahali ambapo hakuna fundi atakayeifuata kuitengeneza kama walivyoifuata Hubble. Itakaa huko ikiligeuzia jua mgongo daima, kwa maana inatafuta nuru ya joto iliyo hafifu mno, na joto la jua lingeipofusha. Kisha akasema, na hapo sauti yake ikabadilika kidogo, "Na kituo chetu cha Malindi ni kimoja cha vile vinavyoifuatia."

Niliketi juu ya jiwe karibu naye. Nikasema, "Mwanangu, mwaka ule wa kipaimara nilikucheka. Sikulijua jibu la swali lako, nikakuficha ujinga wangu kwa kicheko. Nilikukosea. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nimekusikia, Mchungaji. Lakini swali langu bado hujalijibu."

Nikamwambia, "Siku yake siijui. Naamini Mwanzo yatufundisha ni nani aliyeiwasha taa ile tuionayo usiku; haikuandikwa ili iwe hesabu ya taa zote. Hesabu ametuachia tuifanye wenyewe, kwa macho na akili alizotupa."

Akasema, "Basi ungesema hivyo siku ile."

Ni kweli, ningesema hivyo siku ile. Neno dogo namna hiyo, kama milimita ile moja na kidogo.

Jua lilipotua alinionyesha upande wa magharibi. Zilikuwapo nyota tatu zikifuatana karibu katika mstari mmoja. Akanitajia: ile ya chini yenye kung'aa sana ni Zuhura, ile ya katikati iliyo hafifu ni Zohali, na ile ya juu ni Mshtarii. Asubuhi ile ile nilikuwa nimehubiri juu ya nyota ya Mamajusi, nami sikuwa nimejua jina la hata moja kati ya zile zilizokuwa juu ya kichwa changu. Siku hiyo mimi nilikuwa mwanafunzi wa kipaimara, na yeye alikuwa mwalimu.

Wapenzi wasikilizaji, sitawadanganya kwamba mambo yote yamekwisha kuwa sawa. Kijana yule hadi leo hajapokea kipaimara. Akija likizo huja kanisani na nyanya yake, huketi nyuma karibu na mlango. Lakini maswali yake huniletea. Mwaka wa 2023 alinitumia habari kwamba ile darubini ya James Webb imeutazama mwezi mdogo wa Zohali uitwao Enceladus, wenye upana wa kilomita 500 hivi, ikaona mvuke wa maji ukiruka kutoka ndani yake hata kufikia karibu kilomita 10,000. Chini yake aliandika: "Mchungaji, hili nalo liko wapi katika Biblia?" Nami nikamjibu kwamba Mungu alimwuliza Ayubu maswali mengi juu ya maji na barafu na nyota, na Ayubu hakuona haya kusema kwamba hajui.

Wako wanaouliza kama darubini hizi zimemwona Mungu huko juu. Ndugu zangu, darubini hukusanya nuru. Itakuonyesha wingu, jiwe, barafu na mvuke. Mungu si jiwe lililojificha nyuma ya Zohali ili siku moja apigwe picha. Wala hatuna sababu ya kuogopa lolote litakaloonekana, kwa maana hakuna mahali chombo kitakapofika ambapo Yeye hakutangulia. Anayewakataza vijana kutazama anaonyesha hofu yake mwenyewe, wala haiongezi heshima ya Mungu.

Basi, asubuhi ya leo, hebu kila mmoja ajiulize. Wewe baba, ni kipimo gani unachompimia mwanao? Mwalimu, yule mtoto unayemwita mkaidi, una hakika kwamba kilichopinda si rula yako? Mzee wa kanisa, ni nani aliyekunong'oneza kwamba umekosea, nawe ukasema yeye ni mdogo? Mke wako amekuambia. Mtoto wako amekuambia. Huenda jirani wa dini nyingine amekuambia. Usivitupe vipimo vidogo.

Na wewe unayeijua kasoro yako, wala huwezi kuitoa, usikate tamaa. Kuna maneno niliyoyasema ambayo hayarudi kinywani. Kuna miaka niliyoipoteza ambayo sitaipata tena. Kioo ni kile kile. Lakini yule mtu wa Bethsaida alipokiri kwamba haoni vizuri, Bwana hakumkemea wala hakumwacha na miti yake inayotembea. Alimgusa tena.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyeifanya Zohali na pete zake, na Pluto na miezi yake kabla sisi hatujaijua, twakushukuru kwa macho uliyotupa na kwa wote wanaotazama kazi zako kwa uangalifu. Utusamehe pale tulipocheka badala ya kusema hatujui. Uwarudishe wale tuliowafukuza kwa majivuno yetu, nasi utupe ujasiri wa kwenda kuwatafuta. Twaona kwa ukungu, Bwana. Utuguse mara ya pili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.